Pia

Saa moja asubuhi, Kibo hakijavua shuka,
tumelala kifudifudi kwenye vumbi la uwanda
chini ya Moshi, upande wa mashamba ya miwa:
wanafunzi kumi na wawili wa ulinzi wa wanyamapori
na mimi, Aikande Ndesario, wa mwisho mstarini,
maana bunduki namba kumi na saba haina mwenyewe.

Risasi tano. Karatasi ikaletwa.
Matundu matatu tu, nayo si ya duara:
marefu, kama tundu la ufunguo,
kama mtu aliyeingia ubavuubavu
nyumbani kwa watu bila kubisha hodi.
Wenzangu wakacheka. Koplo Mrindoko hakucheka.
"Mkono wako," alisema, "unaogopa."

Mkono wangu umelelewa Unga Limited, Arusha,
kwenye karakana ya baba, kando ya mashine ya kereza,
chuma kikichuruzika sakafuni kama nywele za kinyozi.
Unajua kuogopa. Siku ile haukuogopa.

Nikachomoa komeo, nikaelekeza mtutu mbinguni,
nikachungulia.
Humo ilipaswa kuwemo mifuo
inayopanda kwa msokoto, ngazi ya mnara,
iishike risasi kiunoni, iifunze kuzunguka
kabla haijakutana na upepo.
Niliona bomba.
Bomba la maji, laini, limelambwa
na kutu, na miaka, na waliolenga kabla yetu.

"Afande, naomba kifuniko cha sanduku."
Mfukoni nina pia ya mti wa mpera,
baba aliikereza nikiwa darasa la pili.
Nikaisimamisha kwa ncha. Ikalala.
Nikaisimamisha tena. Ikalala.
Kisha nikaizungusha kwa vidole viwili
ikasimama wima, ikivuma, kama haijawahi kuanguka.

Ni ile ile, afande. Uzito ule ule.
Risasi nayo ni nzito kisogoni, nyembamba puani,
na hewa kazi yake ni kumkamata mtu pua
na kumbwaga chali.
Ila inayozunguka mara elfu tatu kwa sekunde
hewa huisukuma, nayo haipinduki,
hutikisa kichwa kidogo, ikaendelea na safari.

Akachungulia mtutu. Akachungulia muda mrefu.
Akanipa bunduki yake.

Mita mia sita.
Kuanguka kupo, hilo halina dawa:
risasi huanza kuanguka palepale inapotoka.
Na kuzunguka nako kuna ushuru wake,
msokoto wa kulia huivuta kulia,
upana wa kiganja hivi, kimyakimya.
Na upepo wa mlima, unashuka kutoka kushoto,
nyasi zimelala. Nikalenga kushoto.
Nikatoa nusu ya pumzi. Nusu nikaibakiza.

Tundu lilikuwa duara,
safi, kama limetobolewa kwa keekee ya baba.
Kiganja kimoja kushoto mwa shabaha.
Upepo ulikuwa umekata, nami sikuuliza.

Kuna jambo sikumwambia Koplo.
Risasi ikienda mbali mno huchoka,
mpaka sauti yake yenyewe inaifikia,
na hapo hata iliyozunguka vizuri hupepesuka.
Baba siku hizi akitoka kitandani kwenda dirishani
hushika kiti, hushika ukuta,
hushika hewa.
Mashine tuliiuza mwezi wa nne.
Bado anauliza nani ameizima.

Saa sita, wenzangu wakigombea kivuli cha lori,
nilimwona Koplo amechuchumaa peke yake kwenye sanduku.
Daftari wazi gotini: namba kumi na saba,
"mbovu", limekatwa kwa mstari,
juu yake, kwa mwandiko wa taratibu, "imechoka".
Pia yangu mkononi.
Akaizungusha. Ikaanguka.
Akatazama huku na huku kama mtoto mwizi wa sukari,
akaizungusha tena.
Nami pia, nikiwa mbali, nikaibana pumzi.